Boila ndogo zikaguliwe, moto usizimwe

Mhariri,

Shule moja ya hapa Nakuru ilinialika nipeleke injini yangu ndogo ya mvuke siku ya wazazi. Baadaye ikaja barua ya pili: njoo nayo, ila usiwashe moto, wanafunzi wataisukuma kwa mikono. Nilikataa. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini, maana si shule hiyo peke yake yenye hofu hii.

Injini yangu hupita kwenye reli yenye upana wa inji 5, yaani milimita 127. Boila yake ni ya shaba nyekundu, viungo vimelehemiwa kwa fedha, na hufanya kazi kwa shinikizo la pauni 80 kwa kila inji ya mraba. Huvuta watu wazima wanne walioketi kwenye vigari vya nyuma. Chombo chenye nguvu hizo ni haki kuogopwa, na mwalimu mkuu alifanya vyema kuuliza maswali. Kilichoniuma ni kwamba hakungoja majibu.

Miaka ya sabini nilikuwa mchochea moto kati ya Nakuru na Kisumu. Vijana hudhani tulikuwa tukirusha makaa kwa beleshi kutwa nzima. La. Injini kubwa za East African Railways za wakati huo, kama Mount Gelai nambari 5918 ambayo bado ipo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, zilichoma mafuta mazito. Sisi tulikuwa tukicheza na valvu, na mara kwa mara tulitupa mchanga tanurini ili uvutwe na moshi na kusugua masizi ndani ya mabomba. Makaa ya mawe nimejifunza uzeeni kwa injini hii, na ni kazi ngumu kuliko mafuta.

Moto huanza na makaa ya kawaida, yale ya jikoni, yaliyolowekwa mafuta ya taa. Juu ya bomba la moshi naweka feni ndogo ya umeme ivute hewa, kwa sababu boila baridi haina mvuke wa kuvuta. Geji ya shinikizo ikishaanza kupanda naondoa feni, nafungua kipulizio ili mvuke wa boila uvute hewa badala yake, ndipo naingiza makaa ya mawe, vipande vya ukubwa wa makadamia. Beleshi langu hubeba vitatu au vinne tu. Ukiujaza moto mara moja unaukaba: moshi mweusi unatoka, sindano ya geji inashuka. Tia kidogo, tia tena. Injini ikianza kuvuta, mvuke unaotoka kwenye silinda hurushwa juu kupitia bomba la moshi na kuivuta hewa ipite motoni, hivyo kadiri mzigo unavyozidi ndivyo moto unavyowaka. Mwanafunzi akiliona jambo hilo mara moja kwa macho yake, hahitaji kukariri chochote. Injini iliyosukumwa kwa mkono itamwonyesha nini?

Sasa nije kwenye hatari. Hatari kubwa ni maji kupungua. Paa la tanuri lazima lifunikwe na maji wakati wote. Likiachwa wazi juu ya moto, shaba hulegea na kubonyea, na hapo ndipo watu huumia. Ndiyo maana jicho langu halibanduki kwenye kioo kinachoonyesha kimo cha maji. Nina pampu inayoendeshwa na ekseli na nyingine ya mkono, moja ikikwama ipo ya pili. Valvu za usalama ni mbili. Maji natumia ya mvua tu, kwa kuwa ya visima vya huku kwetu yana madini mengi na huacha ukoko.

Boila yenyewe hupimwa ikiwa baridi. Hujazwa maji mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa kwa pampu: ikiwa mpya, hadi mara mbili ya shinikizo la kazi, na baadaye, kila baada ya miaka michache, hadi mara moja na nusu. Kiungo kikiachia, maji hutiririka sakafuni, basi, kwa sababu maji hayashindiliki kama mvuke au hewa. Hivyo ndivyo vilabu vya injini hizi huko Uingereza hufanya kabla mtoto hajaruhusiwa kupanda.

Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka boila za viwandani zikaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Ombi langu kwa wahusika ni kwamba wataalamu hao wakubali kuzipima na hizi ndogo na kutupa cheti. Mwalimu mkuu aone karatasi yenye tarehe na sahihi, aamue kwa hiyo. Asiyekuwa na cheti azuiwe getini, hata nikiwa ni mimi. Vyuo vya ufundi vya kaunti hii vinaweza kuwa mahali pa kupimia, na wanafunzi wao washike pampu wenyewe.

Pampu ya kupimia ninayo, na geji yake pia. Mkaguzi akikubali, nitaipeleka injini kwake kwa gharama yangu, siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Mstaafu wa reli,
Section 58, Nakuru