Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upinde, Bafalo na Samaki Tunaowadharau

Wazee wetu, kina mama, vijana na wanachama wote wa chama chetu cha uvuvi,

Nawasalimu kwa heshima. Mambo ya kawaida nitayapitia haraka, maana mweka hazina amekwisha kuwagawia hesabu zake na katibu amesoma kumbukumbu. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana. Safari za barafuni zilikwisha salama. Siku ya watoto ziwani ilijaa watu hadi ndoana zikapungua, na kina mama waliosimamia jiko nawashukuru sana. Nafasi iliyobaki nataka kuitumia kwa jambo lililotugawa tangu barafu ilipoyeyuka: uvuvi wa upinde hapa Minnesota, Marekani.

Kwa ambao hawajauona, uvuvi huu hufanyika zaidi usiku. Mvuvi husimama kwenye mashua bapa yenye taa kali ubavuni, maji ya kina kifupi yakamulikwa mpaka chini, na samaki akionekana hufumwa kwa mshale uliofungwa mshipi. Serikali ya jimbo inauruhusu kwa leseni ya uvuvi, lakini kwa masharti. Usiku hairuhusiwi kufyatua mshale ndani ya futi 150 kutoka jengo lenye watu, wala futi 300 kutoka kambi. Samaki uliyemfuma hurudishi majini, na humwachi aozee ufukweni. Masharti haya nayataja kwa sababu nimepokea malalamiko ya majirani wa ziwani kuhusu watu wasio wetu, na sitaki siku moja yawe yanatuhusu sisi.

Vijana wetu walionunua pinde mwaka huu nimekaa nao na kuwasikiliza. Wanasema upinde unahitaji shabaha, utulivu na kuyajua maji. Kwamba huwezi kufuma samaki bila kufahamu jinsi maji yanavyodanganya jicho. Na kwamba wanachokifuma wanakula. Yote hayo ni kweli na ninayaheshimu. Sipingi upinde kwa kuwa ni upinde.

Shida yangu iko hapa. Ukivua kwa ndoana, samaki anafika mkononi akiwa hai. Unamtazama, unamtambua, unampima, na ukiona hafai kuchukuliwa unamwachia. Mshale hautoi nafasi hiyo. Uamuzi wote unafanywa kabla, gizani, kwa nukta chache, juu ya kivuli kinachopita kwenye mwanga. Kwa hiyo mwenye upinde anadaiwa ujuzi mwingi kuliko mwenye ndoana: kabla ya kuvuta kamba awe amekwisha kujua ni samaki gani, ana thamani gani katika maji yale, na ataliwa na nani.

Sasa tumtazame mmoja wa wanaofumwa mara nyingi, samaki aitwaye bafalo wa mdomo mpana. Kwa miaka mingi aliwekwa kwenye orodha ya samaki wa ovyo, na sheria haikuweka kikomo cha idadi ya bafalo mtu anaoweza kuchukua. Iliaminika kwamba anaishi miaka ishirini na kitu tu. Mwaka 2019 mtafiti Alec Lackmann na wenzake walichapisha matokeo yaliyogeuza habari yote. Walikata vijiwe vidogo vilivyomo sikioni mwa samaki, wakahesabu mistari yake, kisha wakathibitisha hesabu hiyo kwa kaboni iliyosambaa duniani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Walimkuta bafalo wa miaka 112. Tangu hapo umri mkubwa zaidi uliopatikana umefika miaka 127. Katika kundi kubwa la samaki wenye mifupa kamili, ambalo wataalamu huliita teleosti, hakuna mwingine wa maji baridi anayejulikana kuishi muda mrefu hivyo. Tena uchunguzi wa damu na chembe za mwili wa bafalo wakongwe haukuona dalili za kuchakaa tunazozitarajia kwa viumbe wazee.

Fikirini maana yake. Samaki anayefumwa usiku wa Juni akatupwa ndani ya pipa huenda alianguliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, au kabla hata ya ile ya Kwanza.

Wapo waliosema kwenye mkutano wa Agosti kwamba bafalo ni wengi, tunawaona kila mwaka wakipanda kutaga. Hoja hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu macho yanaiunga mkono. Kijiji chenye wazee watupu nacho kinaweza kuonekana kimejaa watu siku ya soko. Huko Rice Lake, katika hifadhi ya taifa ya wanyamapori hapa hapa jimboni, bafalo huingia kila Mei kutaga kwenye maji yenye mimea. Mayai yanaanguliwa, vifaranga wanaonekana, halafu kabla majira ya joto hayajaisha wanatoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba karibu samaki wote wa hapo walianguliwa kabla ya mwaka 1972. Zaidi ya miaka hamsini imepita karibu bila kizazi kipya kuvuka hadi utu uzima. Kwingine kaskazini-magharibi mwa Minnesota, wengi wa waliopimwa walikuwa wamezaliwa kabla ya mwaka 1940, na mabwawa yaliyojengwa miaka ya 1930 yanatajwa kuwa sehemu ya sababu, kwa kuwa yaliziba njia na kubadili mafuriko ambayo bafalo anayategemea. Samaki wa namna hii anaishi kwa kungoja mwaka mmoja mzuri katika miongo mingi. Ukimwondoa mzee, umeondoa subira hiyo yote, na hakuna wa kushika nafasi yake.

Kuna jingine. Wengi bado wanamchanganya na karpi. Karpi wa kawaida si mwenyeji. Aliletwa na serikali ya Marekani kutoka Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1870, akasambazwa nchini kama samaki wa chakula, kisha akayaharibu maziwa mengi kwa kuchimbua matope na kung'oa mimea. Karpi ana sharubu pembeni mwa mdomo, na mwiba wa mbele wa pezi lake la mgongoni una meno kama msumeno. Bafalo hana sharubu wala mwiba huo. Anachuja vijidudu vidogo majini, chakula kile kile wanachokigombania karpi wa kutoka Asia wanaopanda mto Mississippi. Yaani tunapomfuma bafalo tukidhani tunasafisha ziwa, tunamwondoa mwenyeji aliyekuwa akishindana na mvamizi.

Nafurahi kusema kwamba mwaka 2024 bunge la Minnesota lilipitisha sheria inayowatenganisha samaki wenyeji na wavamizi waliokuwa wamefungwa pamoja chini ya jina moja la dharau. Ni hatua kubwa. Lakini haimfundishi mtu mwenye upinde kutofautisha vivuli viwili saa sita usiku. Hiyo ni kazi yetu.

Bafalo hayuko peke yake. Samaki waitwao gaa, wenye pua ndefu, walipigwa vita kote nchini. Texas ya miaka ya 1930 ilitengeneza hata mashua ya kuwaua kwa umeme. Gaa mamba, mkubwa kuliko wote, alitangazwa kutoweka Illinois mwaka 1994, na kuanzia 2010 wameanza kumrudisha kwa gharama. Texas yenyewe tangu 2009 inaruhusu mmoja tu kwa siku katika maji yake mengi. (Wapishi wetu wakumbuke: nyama ya gaa inaliwa, mayai yake ni sumu kwa binadamu.) Samaki mwingine, bofini, anayepumua hewa, dume lake hulinda kiota na kuongozana na watoto. Samaki aitwaye saka hupanda vijito mapema theluji ikiyeyuka, na mayai yake hulisha samaki wale wale tunaojivunia kuwapiga nao picha. Waojibwe, wenye nchi hii kabla yetu sote, mwezi wa Februari wanauita mwezi wa saka. Hao hawakumwona kuwa wa ovyo.

Na sisi wa Nyanza, Kisii, Mwanza na Musoma hatuhitaji mgeni wa kutueleza jambo hili linaishia wapi. Samaki wetu ningu alikuwa akipanda mito ya Ziwa Victoria kwenye mvua, na watu wakila na kuuza. Nyavu za makila zilifika ziwani mwaka 1905, zikatandazwa hadi kwenye midomo ya mito kuwanasa wakiwa na mayai, na ningu akaanguka. Fulu nao, samaki wadogo wa ziwa lile, wakuu wa idara za uvuvi waliwaona wenye miba, wasio na bei, na hiyo ikawa mojawapo ya sababu za kumleta sangara awageuze kuwa minofu. Sangara alileta viwanda na fedha, silikatai hilo. Lakini kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka; hukadiriwa kuwa kama 200. Zilidharauliwa kwanza, zikachunguzwa baadaye. Sitaki chama hiki kishiriki kuyarudia hayo kwenye maziwa yaliyotupokea.

Kamati imeandaa azimio. Katika safari zote za chama, upinde utumike kwa karpi na wavamizi wengine tu, na kila atakayebeba upinde awe amepita kwanza somo la kutambua samaki, mchana, kwa samaki halisi mezani. Hakuna safari ya chama itakayoingia kwenye mashindano yanayotoa zawadi kwa idadi au uzito wa samaki waliofumwa. Karpi atakayefumwa aliwe, au apelekwe kwa mkulima aliyekubali kumtumia kama mbolea, na jina la mkulima huyo lijulikane kabla ya mashua kuondoka. Anayetaka bafalo kwa chakula cha nyumbani amvue kwa njia nyingine za halali, achukue wa mlo, na wakubwa sana awaachie. Mbavu zake zikikaangwa ni tamu, najua, na sitamnyima mtu kitoweo.

Baadhi ya wajumbe wangependa tuzuie upinde kabisa. Sikubaliani nao. Kijana aliyekwisha kulipenda ziwa, hata kama alianza kwa mshale, ni rahisi kumfanya mlinzi wake kuliko yule aliyefukuzwa. Wawili kati ya wenye pinde wamekubali kusaidia kufundisha somo hilo, na kwa hilo nawapongeza mbele yenu.

Pia tunaomba idhini yenu tuwaandikie wabunge wa jimbo kuomba kikomo cha idadi kwa bafalo kinacholingana na umri wake, na fedha za kufungua njia za kutagia pale penye mabwawa yasiyotumika tena. Rasimu ya barua imeandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza.

Azimio na barua vitapigiwa kura baada ya chakula cha mchana, kabla ya uchaguzi wa kamati. Nakala ziko mezani kwa katibu. Mwenye marekebisho ayaandike na kumkabidhi kabla hatujarudi kuketi.

Mwenyekiti