Vijana wa barazani kwangu, stelingi akifa msikimbilie kandambili

Vijana wangu,

Marahaba, najua mngeanza na shikamoo. Naandikia simu ya mjukuu na miwani yangu imevunjika mkono mmoja, pakikosewa herufi mjaze wenyewe.

Ni hili la Jumamosi. Niliwawekea True Grit, ile mpya ya mwaka 2010 ya wale ndugu wawili Joel na Ethan Coen, nikanunua na karanga, nikaomba majirani wapunguze redio, halafu zimebaki dakika chache tu pikcha iishe mkaanza kusonya. Mmoja anasema stelingi kafa hata hatujaonyeshwa, mwingine keshainuka anapapasa kandambili gizani, na yule mwenye bando kubwa alikuwa anaangalia mpira kwenye simu tangu mwanzo, nilimwona ila nikanyamaza. Sikusema kitu usiku ule maana nilikuwa na hasira na mtu mzima akisema na hasira anaishia kutukana. Sasa nimepoa.

Kwanza nikiri na mimi. Hiyo rimeki niliikataa miaka. Sisi tumekua na ile ya 1969 ya John Wayne, tunaingia kumbi za sinema za Avalon au Empire pale mjini, tukitoka tunatembea miguu imepanuka kama tumeshuka juu ya farasi sasa hivi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupanda punda. Wayne yule na kitambaa jichoni, hatamu kaziuma kwa meno, bunduki mkono huu bastola mkono huu, anawafuata watu wanne peke yake kule uwandani, yaani ukumbi mzima umesimama, muuza tikiti naye kaja mlangoni kuchungulia. Pikcha ile ndo ilimpa Oscar yake ya uigizaji, moja tu maisha yake yote. Sasa mtu akaja kuniambia Jeff Bridges kachukua nafasi ya Wayne, mimi nikaona kama mtu kavaa kanzu ya marehemu hata arobaini haijafika. Nikasema sitaiangalia. Nilikuja kuiona juzijuzi tu nilipoumwa goti, siwezi kutoka, mjukuu kaiweka kwenye tivii na rimoti iko mbali.

Na aliyenishika wala sio Bridges. Ni yule mtoto wa kike.

Hebu ikumbukeni hadithi yenyewe. Mattie Ross ana miaka 14, anatoka shamba huko Arkansas, baba yake kauawa Fort Smith na kibarua wake mwenyewe, Tom Chaney, na Chaney kakimbilia nchi ya Wahindi Wekundu (sisi ndo tulifundishwa kuwaita hivyo, nyinyi mtakuwa na jina zuri zaidi), ambayo siku hizi ni Oklahoma. Mtoto anakuja mjini kuuchukua mwili wa baba yake na kumkodi afisa wa serikali, Rooster Cogburn, jicho moja, mlevi, amsakie huyo muuaji. Ya 1969 binti aliigizwa na Kim Darby ambaye tayari alikuwa na miaka 21, na aliigiza vizuri simsemi vibaya, lakini unaona kabisa ni mtu mzima kakatwa nywele. Hailee Steinfeld wa hii mpya alikuwa na miaka 13 wakati wanapiga picha. Miaka 13! Kwa hiyo kila baba mzima anapomjibu kwa dharau unasikia uchungu wa kweli, na kila anapowashinda kwa maneno unataka kupiga makofi.

Mlikuwa mnakula karanga kwenye ile sehemu ya Stonehill, mfanyabiashara wa farasi. Mimi nimekuwa karani bandarini miaka 31, nimekaa mezani na watu wa aina ya Stonehill kila siku ya Mungu, kwa hiyo niachieni niwaeleze. Marehemu baba yake alinunua farasi wadogo kwa Stonehill, sasa mtoto anataka awarudishe na alipwe hela zake, na juu ya hapo anadai farasi wa baba aliyeibwa akiwa ndani ya zizi la Stonehill. Mzee anaona katoto kenye mikia miwili ya nywele, anataka kukafukuza. Katoto hakanyanyui sauti. Kanataja bei, kanataja wakili wake, Daggett, kananyamaza. Mzee anapanda kidogo. Kanataja wakili tena. Mzee anafuta jasho. Mwisho katoto kanaondoka na zaidi ya dola 300, na kesho yake kanarudi kununua farasi mmoja kati ya walewale kwa bei ya kutupa, na mzee wa watu anaumwa homa. Hakuna risasi hata moja hapo. Lakini ukishaiona ile meza umeshajua kwa nini Rooster na yule askari wa Texas, LaBoeuf, hawataweza kumwacha nyuma hata wakijaribu, na wanajaribu kweli, anawafuata anavuka mto na farasi wake anaogelea. Mliosema pikcha haina vita, vita vya kwanza mmevikosa mkiwa mnachambua maganda.

Kuna kingine kidogo, mwanzoni kabisa. Wanaponyongwa watu watatu pale Fort Smith, mzungu wa kwanza anahutubia mpaka analia, wa pili naye anasema yake, wa tatu ni Mhindi Mwekundu, anafungua mdomo tu aanze, wanamvika gunia kichwani sentensi ikiwa nusu. Hakuna anayeongelea tena jambo hilo mpaka pikcha inaisha. Mapicha ya kauboi tuliyokulia sisi wale watu walikuwa wanaanguka tu kwenye farasi kama maembe na sisi tunashangilia, na ngozi zetu hizi! Sekunde mbili zile zilinifanya nifumbe macho nikakaa kimya kidogo.

Mtasema babu anaongelea vitu vidogo. Haya, twende kwenye kubwa, kile kifo mlichosonya.

Ile ya 1969 inaishia kwenye makaburi ya familia, theluji imetanda, Mattie mkono umefungwa kwa kitambaa lakini mzima, anamwambia Rooster akifa azikwe pale pembeni yake, ukoo wake ndo huu. Wayne anacheka, anapanda farasi, anaruka uzio, anapunga kofia, mwisho. Stelingi hafi bwana! Tulitoka ukumbini tunaimba.

Hii mpya, mtoto kaumwa na nyoka, Rooster anambeba juu ya Little Blackie, yule farasi aliyemnunua kwa Stonehill, usiku kucha, nyota juu, farasi anakimbia mpaka anaanguka, Rooster anamaliza mateso yake kwa risasi, mtoto analia na kumpiga, na mzee mnene mlevi anambeba mikononi anahema mpaka pumzi zinamwishia. Halafu inapita robo karne. Mattie ni mwanamke mkavu, hajaolewa, mkono mmoja umekatwa. Anapanda treni mpaka Memphis kwenda kumwona Rooster anayeonyesha maonyesho na wazee wenzake, anafika, anaambiwa kafa siku tatu zilizopita. Basi. Hamkuonyeshwa akifa kwa sababu na yeye Mattie hakuonyeshwa. Mmekosa kumwona kama alivyokosa yeye, mmechelewa naye treni moja.

Na anafanya nini? Anauchukua mwili, anaenda kuuzika kwenye makaburi ya familia yake. Mnaona sasa? Lile Mattie alilomwahidi Wayne 1969, Bridges ndo amelipwa 2010. Hao ndugu Coen wanasema wao walirudi kwenye kitabu cha Charles Portis cha 1968 na sio kwenye pikcha ya zamani, sawa, ni haki yao kusema, ila sisi tulioona zote mbili tunabeba vitu viwili kwa mpigo, Wayne anaruka uzio na jeneza la Bridges liko kwenye treni. Huo utamu hauupati kwenye moja. Ndo maana nilipofika hapo nikajiona mjinga kwa miaka yangu yote ya kununa.

Kwa hiyo nawaomba hivi, na mimi najiomba pia. Rimeki msiianze na swali la nani zaidi. Swali la nani zaidi ni la mpira. Muangalie hadithi safari hii amepewa nani aisimulie. Ile ya kwanza alipewa Wayne, mtoto akawa mgeni kwenye kisa chake mwenyewe, hii amerudishiwa mwenyewe, tangu neno la kwanza ni sauti yake ukubwani. Na bado kwenye Oscar huyo Hailee wakamwandika mwigizaji msaidizi! Mtoto yupo karibu kila sehemu ya pikcha, msaidizi wa nani? Na pikcha yenyewe iliteuliwa Oscar mara kumi, ikatoka mikono mitupu. Msinianzishe.

Jingine, yule anayetaka tutafute ya kutafsiriwa na DJ, hapana. Napenda madijei, nacheka nao sana, lakini watu wa humu wanaongea Kiingereza cha Biblia, hawakati neno, hata mwizi anasema kama anasoma hukumu, DJ akiingia hapo na "oyaa mwana" imekwisha. Someni maandishi ya chini, asiyeona vizuri akae mbele na mimi.

Jumamosi hii saa moja usiku tunaanza na ya Wayne, Jumapili baada ya ibada na chakula tunaweka ya Bridges, mwanzo mpaka majina yaishe. Simu zitakaa kwenye ungo wa bibi yenu. Na kuna zawadi: kitambaa cha Wayne kipo jicho gani, na cha Bridges kipo jicho gani? Wa kwanza kujibu bila kugoogle, kahawa na kashata za wiki nzima juu yangu.

Babu yenu wa barazani