Mheshimiwa, njoo ulifute neno lako hapa sokoni

Mheshimiwa Mbunge wetu,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na familia yako. Jina lako sitaliandika hapa, na langu sitaliandika, lakini tunajuana. Mimi ni yule mama wa nafaka, duka la tatu ukiingia sokoni kutoka stendi ya matatu. Mwaka 2022 ulipokuja kutuomba kura ulikosa pa kusimama, nikakutolea benchi langu la mbao. Ulipanda juu yake ukatuambia kwamba katika soko hili hakuna mwenyeji wala mgeni, kuna muuzaji na mnunuzi. Nilikupigia makofi siku hiyo, na Agosti nikakupigia kura.

Wiki tatu sasa nimekaa kimya. Tangu yale mazishi uliyohutubia nimekuwa nikijiambia kwamba ulimi uliteleza, kwamba utarudi kutuona, kwamba mtu mzima akikosea hupewa nafasi ya kujirudi. Jumatatu jioni subira yangu iliisha. Nilikuwa nimekaa mlangoni napepeta maharagwe, watoto wanacheza mpira nyuma ya vibanda. Nikasikia mmoja akipaza sauti: "Doa, pasi! Doa, huku!" Nikainua macho nione ni nani anayeitwa hivyo. Aliyegeuka ni kitinda mimba wangu. Akatoa pasi, akaendelea kukimbia. Hakununa, hakulia. Aliitika kama mtu aliyeitwa jina lake.

Usiku nilimuuliza. Akaniambia wanamwita hivyo tangu ile video isambae, kwamba ni mchezo tu, na kwamba nisiende shuleni kumsemea. Ana miaka 10, Mheshimiwa. Jina alilopewa na babu yake analo, tena zuri, na uwanjani hakuna tena anayelitumia.

Basi tuzungumzie hiyo video. Ina sekunde 41, nami nimeitazama mara nyingi kuliko inavyonifaa. Umesimama chini ya hema, jeneza liko nyuma yako limefunikwa maua, mjane amekaa kushoto ameinamisha kichwa. Unasema nguo yetu imeingia madoadoa, yaani sisi wa makabila mengine tunaoishi hapa, na kabla ya uchaguzi wa 2027 lazima ifuliwe. Sentensi nzima ni ya lugha ya kwenu, isipokuwa neno hilo moja la Kiswahili, madoadoa, ambalo ulilitamka polepole, ukanyamaza kidogo ili watu walipokee. Wakalipokea. Walicheka, wakapiga makofi, kijana mmoja akapuliza filimbi. Filimbi, kwenye mazishi. Mchungaji aliyepokea kipaza sauti baada yako alifungua Biblia, akasoma, akaomba, na neno lile hakuligusa.

Tafadhali usiniambie kwamba sikuelewa. Lugha hiyo naijua. Baba yangu aliletwa hapa na kazi ya kiwanda cha mbao kabla sijazaliwa, na mimi miaka 14 nauza mahindi kwa lugha hiyo. Hata bei tunavutana kwayo.

Kuna mahali kamera inawageukia waombolezaji, na hapo namwona mtu ninayemfahamu. Alikuwa jirani yetu. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tulipokimbilia uwanja wa maonyesho wa Nakuru na nguo tulizovaa tu, mama huyo aliingia nyumbani kwetu kabla ya wachomaji kufika, akabeba cherehani ya mama yangu, akaificha chini ya kitanda chake. Ilikaa huko miezi mitano. Tuliporudi aliitoa ikiwa imefutwa vumbi, uzi ungali kwenye sindano. Mama yangu aliishonea mpaka alipofariki. Sasa namwona mtu huyo huyo akilicheka neno lako. Hakucheka sana. Alitazama kando kwanza, kama mtu anayetaka kujua wenzake wanafanyaje, ndipo akacheka. Tangu siku hiyo tukikutana kila mmoja anatazama chini. Aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya cherehani yetu leo ananiogopa, nami namwogopa, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Neno hilo una umri wa kulijua vizuri. Lilisikika Bonde la Ufa miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, na watu wakachomewa nyumba zao. Likasikika tena kwenye uchaguzi wa 2007. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi huo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na zaidi ya 600,000 tulifurushwa makwetu. Nasema tulifurushwa kwa sababu mimi nimo katika hesabu hiyo. Januari 2022 seneta mmoja alilitamka kwenye mkutano wa hadhara Eldoret, akakamatwa, na mwaka huo haujaisha akaapishwa kuwa waziri. Huenda hapo ndipo ulipoona kwamba neno hili halimgharimu anayelisema.

Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitangaza orodha ya maneno ya chuki. Madoadoa limo, na kwekwe limo, na mende. Nimeyafikiria sana maneno haya nikiwa dukani hakuna mteja. Yote ni vitu vya nyumbani na shambani, na kila kimoja kina kazi yake tunayoijua tangu utotoni. Doa hufuliwa. Kwekwe hung'olewa. Mende hupuliziwa dawa. Kiongozi hana haja ya kutoa amri yoyote. Akishawaita watu jina la kitu hicho, kila aliyelelewa katika nyumba anajua kitu hicho hufanywaje.

Siku ya nne baada ya mazishi ulitoa taarifa. Ni ukurasa mmoja wa Kiingereza, unasema ulinukuliwa nje ya muktadha, na kwamba ikiwa kuna yeyote aliyekwazika unasikitika. Kwanza hilo "ikiwa" liondoe, kwa sababu nipo. Pili, yule kijana wa filimbi hakuisoma karatasi hiyo. Jirani yangu hakuisoma. Watoto wa mpira hawakuisoma. Ulilisema neno kwa lugha ya mama zenu, ukalifuta kwa lugha ya mabalozi. Waliolisikia wamebaki nalo vile vile ulivyowapa.

Na kwa kuwa nimetaja mabalozi: Juni 2019 mbunge mmoja wa Nairobi aliwatishia wafanyabiashara kutoka Tanzania na Uganda kwamba watatolewa masokoni kwa nguvu. Tanzania ilimwita balozi wetu ajieleze, Serikali ya Kenya ikajitenga na maneno yale, na mbunge mwenyewe akakamatwa, yote hayo katika siku chache. Niliona ni haki. Mfanyabiashara asitishwe kwa sababu ya alikozaliwa. Lakini Mtanzania ana balozi wa kumsemea. Mimi Mkenya niliyetukanwa ndani ya Kenya, nimwendee balozi gani?

Nimejiuliza kwa nini ulisema. Wiki mbili kabla ya mazishi, vijana walikuzuia njiani wakakuuliza kuhusu paa la soko ulilotuahidi na orodha ya waliopewa basari. Uliondoka umekasirika. Sina ushahidi, lakini nadhani mambo haya mawili yanahusiana. Watu wakianza kutazamana nani ni wa hapa na nani si wa hapa, hawaulizi tena kuhusu paa. Na kweli tangu siku hiyo sijasikia mtu akilitaja. Mvua ya Alhamisi imenilowesha magunia mawili ya mahindi, wateja wawili wakapita wakibishana kuhusu madoadoa, maji yanatutiririkia sote.

Wengine wananiambia najishuku. "Kama wewe si doa, mbona unaumia?" Nimeambiwa hivyo mara mbili, mara moja na mtu niliyemkopesha unga. Na upande wetu pia si pasafi, lazima niseme ukweli. Usiku ule ule wa mazishi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, majibu yalianza. Mpwa wangu, kijana ninayemlipia karo ya chuo, aliandika kuhusu watu wa kwenu neno ambalo sitalirudia. Nilimpigia simu saa tano usiku nikamwambia alifute. Akanijibu, "Shangazi, mwambie mbunge wako aanze." Nilikosa la kumwambia. Nimekaa na jibu hilo mpaka leo, na ndilo limenikalisha chini kukuandikia.

Huku dukani hali ni hii. Nina mteja, mwalimu mstaafu, ambaye kila Jumamosi hununua gorogoro mbili za maharagwe na moja ya ndengu. Miaka 11 hajakosa ila akiugua. Jumamosi tatu sasa hajafika. Jumamosi iliyopita nilimwona ng'ambo ya barabara akiwa na mfuko kutoka duka lingine, akaniinulia mkono chini chini, usawa wa kiuno, watu wasimwone. Ingekuwa afadhali angenipita tu. Chama chetu cha akina mama kilikuwa na watu 16 wa makabila matano. Mkutano wa mwezi huu tulikuwa saba, wote wa kabila moja, tukanywa chai tukaenda nyumbani bila kuchanga. Magunia 20 ya mahindi nimeyapakia kwenye lori nikayapeleka kwa kaka yangu Nairobi, nikalipa nauli kubwa kuliko faida yake, kwa sababu 2008 ghala letu liliungua lote na sitaki kuona moshi huo tena. Usiku silali. Nalala chali nikihesabu kitu cha kubeba na kitu cha kuacha ikifika saa hiyo. Kila mara naanza na cherehani.

Bado miezi mingi uchaguzi ufike, Mheshimiwa. Nitahesabu hivyo mpaka lini?

Najua sheria ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema anayechochea chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kufungwa hadi miaka 3, au vyote viwili. Katiba uliyoapa kuilinda, Kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote nchini. Wenye kazi ya kukushtaki wataamua wenyewe. Hata ukilipa hiyo milioni, mwanangu ataendelea kuitwa Doa, kwa sababu watoto hawasomi hukumu za mahakama.

Ninachokuomba ni kitu kimoja. Rudi uliseme kwa mdomo wako. Useme kwamba lile neno ulikosea kulitamka, kwamba hakuna doa katika watu wa hapa, na kwamba atakayelitumia kwa jina lako hajatumwa na wewe. Useme kwa lugha ile ile, polepole vile vile, unyamaze kidogo ili watu walipokee. Usitutumie msaidizi wako. Usitutumie taarifa nyingine. Usiseme "ikiwa." Useme mbele ya watu wale wale walioketi chini ya hema, na hao ni rahisi kuwapata, kwa sababu Jumamosi wote huja sokoni: yule kijana wa filimbi huuza mitumba karibu na choo, mchungaji hununua mboga kwa mama wa kona, na jirani yangu huleta mayai saa mbili na nusu. Mtu ataishika simu arekodi. Itasambaa kama ile ya kwanza, au isisambae sana, lakini watoto wataiona, wanaona kila kitu.

Paa tutalizungumzia siku nyingine. Basari siku nyingine. Neno hili ndilo nakuomba uje kulifuta, na nakuomba kwa heshima, kama mtu aliyekupa kura na kukupa benchi.

Benchi lenyewe bado ninalo. Mguu mmoja ulikuwa umelegea, nimempa fundi aukaze. Jumamosi nitalitoa nje saa tatu asubuhi.

Mpiga kura wako,
Mama wa nafaka