Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, pamoja na lile suala la safari

Ndugu wanachama wa chama chetu cha michoro, maandishi na safari, salamu kwenu nyote. Naanza na yale mnayoyajua ili tusichoshane. Madarasa ya rangi za maji yalifanyika, jioni za kusomeana maandishi yalifanyika, maonyesho ya michoro ya mabibi na wajukuu yalifanyika na picha mlishaziona kwenye grupu. Hayo yameisha.

Sasa safari, maana najua wengi mmefungua taarifa hii kutafuta hilo tu. Ndiyo, safari ya mwaka haikuwepo, pesa yake ilienda kwenye skana na maboksi ya karatasi isiyo na asidi, ya kuokoa na kuhifadhi picha zetu za zamani za familia. Imesemwa mwenyekiti kajiamulia. Jamani! Kikao kiliitwa, tangazo lilikaa wiki mbili, wakaja watu 9 na 7 wakakubali, sasa ambaye hakuja alitaka nimhesabu vipi?

Na sababu nilizitoa. Zile albamu za kurasa za gundi zenye plastiki juu, zilizopendwa sana miaka ya 1970 na 1980, zinaua picha. Gundi inageuka kahawia, inang'ang'ania mgongo wa picha, na plastiki nyingine zinatoa mvuke unaofifisha rangi. Mwenzetu mmoja alileta albamu ya harusi ya wazazi wake, kuvuta tu kona picha ikaanza kuchanika. Tukatumia uzi wa kusafishia meno, unaupitisha chini ya picha polepole kama unakata mche wa sabuni, na ikigoma kabisa unaiacha hapo hapo unaiskani na ukurasa wake. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa nimeifanya mwenyewe na mgongo wangu ni shahidi.

Wengine walitaka tuskani kwa doti 300 kwa inchi ili tumalize haraka, nikakataa. Vile vipicha vidogo tuliviskani kwa 600, kwa sababu siku mjukuu akitaka kukikuza mara mbili ile 300 itampa ukungu. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Simu sio stoo. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, sio kalamu ya wino, ile inakandamiza na wino unapenya, na karatasi za utelezi ambazo penseli haishiki andikeni kwenye bahasha. Na msiseme "mtu fulani tunamjua", mnamjua nyinyi, watoto wenu hawamjui.

Kuna aliyeuliza chama cha kupenda safari bila safari ni chama gani. Swali zuri ila Delacroix, yule mchoraji wa Ufaransa, alienda Moroko mwaka 1832, akajaza vidaftari michoro na maneno pembeni, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anachora picha kubwa kutokana na safari ile. Angevitupa uvunguni vikaliwa na mende angechora nini? Sisi safari tumeenda nyingi, vidaftari vyake viko wapi? Nimeuliza, nimeletewa vitatu, kimoja kimelowa.

Mahudhurio sasa. Kwenye daftari tuko 46, waliolipa ada 19, wanaokuja vikaoni hawafiki 12, na wanaolalamikia safari wako kama 30, hesabu hiyo mniunganishie wenyewe. Skana haikununuliwa na upepo. Kuna watu hawajalipa mwaka wa pili huu na albamu zao ndio za kwanza kwenye foleni, sitaji jina, wanajijua.

Mwakani Mungu akipenda tutafanya kitabu kidogo cha kumbukumbu za familia zetu, chenye michoro na maandishi ya safari, na safari yenyewe pia tutaiangalia kadiri mfuko utakavyoruhusu. Ada inapokelewa na mhazina, sio mimi, msinifuate na ahadi barabarani.

Mwenyekiti wenu