Mnyororo ukitoka kila mara, usikimbilie kukata pingili

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linaloonekana dogo, ingawa linaharibu vyuma vingi na kuumiza vidole vingi: baiskeli ambayo mnyororo wake hautulii kwenye meno. Mwenye nayo akiuliza afanyeje, karibu kila mtu humpa jibu lile lile: "Kata pingili, kaza." Na sisi mafundi tuna lawama yetu hapo, maana hiyo ni kazi ya dakika chache na mteja huondoka ameridhika. Muda si mrefu anarudi. Pingili nyingine inakatwa, gurudumu linasogezwa mbele hadi tairi linakaribia kugusa fremu, raba za breki haziipati tena ringi sawasawa, na mnyororo bado unatoka.

Makosa matatu tofauti huletwa kwa fundi kana kwamba ni kosa moja. Upo mnyororo unaochomoka kabisa ukaning'inia. Upo unaobaki mahali pake lakini unaruka meno kila unapokanyaga kwa nguvu, hasa unapopanda mlima. Na ipo friwili, yaani lile gurudumu la meno la nyuma linalozunguka huru usipokanyaga, iliyochoka ndani: mnyororo umetulia kabisa, ila pedeli inazama ghafla na gurudumu halisukumwi. Kuyatambua si kazi. Bana breki ya nyuma barabara, kisha sukuma pedeli mbele huku macho yako kwenye friwili. Ukiona mnyororo unapanda juu ya meno, basi mnyororo au meno yamelika, au vyote viwili. Ukiona meno ya friwili yanazunguka pamoja na mnyororo ilhali gurudumu limesimama, ubovu umo ndani ya friwili, na hata ukate pingili kumi hutaupata.

Nianze na kulika, kwa sababu hapo ndipo pingili hukatwa bure zaidi. Mnyororo haurefuki kwa chuma kuvutika. Kila pingili imeshikwa na pini, na pini hizo husagika pole pole pale zinapojikunja ndani ya matundu yake. Kutoka pini hadi pini, mnyororo mpya una nusu inchi, yaani milimita 12.7. Chukua rula ya chuma, vuta mnyororo unyooke, weka sifuri katikati ya pini moja, halafu hesabu pini 24 mbele bila kuihesabu ile ya kwanza. Zinatakiwa inchi 12 kamili, milimita 304.8. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani milimita moja na nusu hivi, mnyororo wa baiskeli ya gia nyingi umekwisha. Wa gia moja huvumilia hadi ziada ikaribie moja ya nane ya inchi. Zaidi ya hapo meno nayo yamekwisha kuharibika, na kubadilisha mnyororo peke yake hakusaidii.

Sasa tazama kukata pingili kunafanya nini. Mnyororo wa pini 110 uliozidi kwa asilimia moja umeongezeka milimita 14 kwa urefu wake wote. Ulegevu huo huondoka kwa kuivuta ekseli ya nyuma milimita 7 tu. Fundi anapokata pingili ya nje na ya ndani, anaondoa inchi nzima, na gurudumu linalazimika kusogea mbele nusu inchi. Ulegevu umekwisha, sawa. Lakini kutoka pini hadi pini bado ni karibu milimita 12.83 ilhali meno yalichongwa kwa 12.7, kwa hiyo rola, vile vibomba vidogo vinavyozunguka kwenye pini, haziketi tena chini kwenye bonde kati ya jino na jino. Zinapanda kuelekea ncha. Ukikanyaga kwa nguvu, zinaruka.

Friwili ndiyo huisha kwanza, si sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalozungushwa na pedeli. Kwa sproketi ya meno 48 na friwili ya meno 18, friwili huzunguka mara mbili na theluthi mbili kila pedeli inapozunguka mara moja, kwa hiyo kila jino lake hukutana na mnyororo mara nyingi zaidi. Jino zima lina mabega yanayofanana pande zote mbili. Lililokwisha limelala upande mmoja kama ndoano. Ukifunga mnyororo mpya kwenye meno ya namna hiyo, utaruka siku hiyo hiyo, na mteja atasema ameuziwa mnyororo mbovu. Badilisha mnyororo na friwili kwa pamoja. Sproketi ya mbele iangaliwe tu: ikiwa jino moja limepinda, linanyooshwa kwa spana malaya taratibu, yakiwa yamelala yote, haina maisha.

Unaponunua, uliza upana. Mnyororo wa gia moja una upana wa ndani wa moja ya nane ya inchi, na wa gia nyingi ni tatu ya thelathini na mbili. Ule mpana unaweza kukaa kwenye meno membamba bila shida kubwa. Mwembamba haushuki hata kidogo kwenye meno mapana. Unakaa juu juu na kuchomoka mara ya kwanza unapokanyaga.

Kama vipimo vya rula viko sawa na meno ni mazima, ila mnyororo unachomoka, tafuta ulegevu na mstari.

Mnyororo wa gia moja unatakiwa uwe na ulegevu kidogo. Ukiusukuma kwa kidole juu na chini, katikati ya sproketi na friwili, ucheze jumla ya milimita 10 hadi 15. Uliokazwa hadi hauchezi husaga gololi za habu (kitovu cha gurudumu) na za ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu kutoka kranki hadi kranki), na baiskeli huwa nzito. Kosa la wengi ni kupima mahali pamoja. Inua gurudumu la nyuma, zungusha pedeli pole pole mzunguko mzima, na ubonyeze mnyororo kila robo mzunguko. Utakuta mahali unakaza na mahali unalegea, kwa kuwa sproketi ya mbele aghalabu haikukaa katikati kabisa ya ekseli yake. Rekebisha pale unapokaza zaidi. Ikiwa upande mmoja hauchezi na upande wa pili unaning'inia sentimita tatu, acha kuhangaika na gurudumu, nenda kwenye kranki, yaani mikono inayobeba pedeli. Shika mkono wa kranki uutikise kulia na kushoto. Ukicheza mkono mmoja peke yake, kotapini, ile pini inayoubana mkono kwenye ekseli, imelegea. Ikicheza mikono yote miwili kwa pamoja, gololi za ekseli ya pedeli zimelika au vikombe vyake vimelegea. Kotapini huingizwa kwa nyundo, kranki ikiwa imeegemezwa juu ya kitu kigumu kwa chini. Nati yake ni ya kuishikilia isitoke. Anayeivuta kwa nati huua nyuzi.

Halafu gurudumu lenyewe. Mnyororo uko upande wa kulia, na kila unapokanyaga unavuta ekseli mbele kwa upande huo. Nati ya kulia ikiwa haikukazwa vizuri, ekseli inapinda na tairi linakwenda kugusa bomba la fremu la kushoto. Ukiona mkwaruzo wa raba ndani ya bomba hilo, sababu ya mnyororo kutoka umekwisha kuipata. Rudisha gurudumu hadi nafasi kati ya tairi na mabomba iwe sawa pande zote mbili, kaza nati ya kulia kidogo, ya kushoto kidogo, urudi kulia, mpaka zote zishike. Spana namba 15 huingia kwenye baiskeli nyingi. Washa yenye meno iwe nje ya fremu chini ya nati, meno yakiitazama fremu. Ikikosekana, hata ukaze vipi gurudumu litateleza.

Mstari huangaliwa kwa jicho moja, ukichuchumaa nyuma ya baiskeli. Sproketi na friwili vinatakiwa vitazamane. Kwa uhakika zaidi, laza ubao mnyoofu au rula ndefu ubavuni mwa sproketi uone inaangukia wapi kwenye friwili. Tatizo hili huja mara nyingi baada ya ekseli ya pedeli kubadilishwa kwa nyingine ndefu zaidi. Likiwa dogo, washa huhamishwa kutoka upande mmoja wa habu kwenda wa pili, kisha spoku zikazwe upya ili ringi irudi katikati ya fremu. Likiwa kubwa, tafuta ekseli ya urefu sahihi.

Friwili inayoyumba nayo hutupa mnyororo. Kuyumba kidogo wakati baiskeli inateremka bila kukanyagwa ni kawaida, kusikutishe. Kukizidi, au kama pedeli zinazama, friwili ifunguliwe. Tandika kitambaa cheupe kwanza, maana ndani mna gololi ndogo nyingi ajabu. Kofia yake hufunguka kwa kuzungusha kwenda mkono wa saa, kinyume cha nati za kawaida, na wengi huivunja kwa kutojua hilo. Chini ya kofia pana washa nyembamba kama karatasi. Ukiondoa moja, kuyumba kunapungua. Ukiziondoa zote, friwili inakaza na mnyororo unajikunja juu unapoacha kukanyaga. Kucha zinazoshika meno ya ndani zioshwe kwa mafuta ya taa na zipakwe oili nyepesi. Usiweke grisi humo: inazigandisha, hazinyanyuki, na pedeli zinazama tena.

Baiskeli za gia nyingi zina mambo yake. Hapo kukata pingili si upuuzi tu, ni hatari. Urefu sahihi hupatikana kwa kuupitisha mnyororo kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye mkono wa gia (ule unaoning'inia nyuma na kuhamisha mnyororo), kisha kuongeza inchi moja, yaani pingili ya nje na ya ndani. Ukiwa mfupi kuliko hapo, siku mwenye baiskeli atakapoweka kubwa kwa kubwa, mkono wa gia utang'oka.

Mnyororo ukiangukia upande wa spoku au upande wa fremu, vipo viskrubu viwili kwenye mkono wa gia, kimoja kina alama H na kingine L. H huzuia usivuke sproketi ndogo kabisa kwenda upande wa fremu, L huzuia usivuke ile kubwa kwenda kwenye spoku. Legeza waya, weka mnyororo kwenye ndogo kabisa, tazama kwa nyuma, zungusha H robo kwa robo mpaka kigurudumu cha juu cha mkono wa gia kikae chini ya sproketi hiyo barabara. Kisha kaza waya, peleka kwenye kubwa kabisa, fanya vivyo hivyo kwa L. Lakini kabla ya kugusa kiskrubu chochote, angalia kama mkono wenyewe unaning'inia wima. Baiskeli iliyoangukia upande wa kulia mara nyingi imepinda kile kipande kinachoushikilia kwenye fremu, na viskrubu haviwezi kusahihisha chuma kilichopinda.

Kama mnyororo hauchomoki bali unasitasita kati ya gia mbili, ni waya. Ukichelewa kupanda kwenda sproketi kubwa, zungusha kirekebishi cha waya (kile kinachozungushwa kwa vidole pale waya unapoingia kwenye mkono wa gia) kinyume cha saa nusu mzunguko, ujaribu. Ukichelewa kushuka, zungusha kwenda mkono wa saa. Na ukiruka kila baada ya mizunguko kadhaa, kwa mpangilio ule ule, zungusha pedeli kinyumenyume uangalie kigurudumu cha chini: pingili iliyokaza itaonekana ikiruka hapo. Ikunje kushoto na kulia kwa mikono mpaka ilegee, idondoshee oili.

Kuhusu oili nitasema machache. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina chembe za chuma ndani yake; kuipaka mnyororo ni kuusaga. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, weka tone moja kwenye kila rola, zungusha pedeli, kisha futa nje yote kwa kitambaa. Oili inayobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu.

Klipu ya pingili ya kuungia iwekwe upande uliofungwa ukitangulia kule mnyororo unakoelekea, yaani mbele kwa sehemu ya juu. Ikiwekwa kinyume, kitu kikiikwaruza inafunguka.

Mnyororo ukitoka njiani, urudishe kwenye friwili kwanza, kisha uushikishe kwenye meno ya chini ya sproketi ya mbele na kuzungusha pedeli kinyumenyume. Shika mnyororo kwa kijiti au kitambaa, na mtu mwingine asiguse pedeli wakati huo. Vidole vingi hukatwa hapo. Baiskeli inayofunga breki kwa kurudisha pedeli nyuma, kama zilivyo nyingi za watoto, haizungushwi hivyo: ushikishe kwenye meno ya juu na usogeze pedeli mbele. Mzazi mwenye baiskeli ya aina hiyo asimruhusu mtoto kuipanda kabla ubovu haujapatikana, kwa sababu mnyororo ukichomoka, breki ya nyuma nayo haipo.

Wako,
Fundi baiskeli