Anayeacha kazi akasomee udaktari Marekani aanze na orodha ya vyuo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wasomaji wanaoishi Marekani, au wenye ndugu huko, waliofika umri wa miaka thelathini au arobaini na kitu wakiwa wahasibu, walimu, wahandisi au wauguzi, na sasa wanataka kusomea udaktari. Wengi wao huuliza kwanza kuhusu umri, na naamini hapo wanahangaika pasipostahili. Sheria ya mwaka 1975 inakataza ubaguzi wa umri katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu, na ingawa wastani wa umri wa wanaoanza mwaka wa kwanza ni takriban miaka 24, waliopita 30 na hata 40 hupokelewa. Kinachowaangusha watu wazima ni orodha. Wanatuma maombi kwa vyuo ambavyo kwa kanuni zake haviwezi kuwachukua, na vile ambavyo vingewasoma kwa makini hawavigusi.

Jimbo unaloishi ndilo la kutazamwa kwanza. Vyuo vya umma vinaendeshwa kwa kodi za wakaazi wa jimbo na vinawajibika kwao. Chuo cha udaktari cha University of Mississippi kinapokea wakaazi wa Mississippi tu. Brody School of Medicine ya East Carolina University ni ya wakaazi wa North Carolina. Hata Mercer, ambacho ni chuo binafsi, kinachukua wakaazi wa Georgia peke yao. Texas ina sheria kwamba wanaotoka nje ya jimbo wasizidi asilimia 10 katika vyuo vyake vya umma. Mkaazi wa Ohio akiviomba vyuo hivi vitatu vya kwanza kwa kuwa amesikia vikisifiwa, ada yake imepotea kabla insha yake haijafunguliwa.

Takwimu za kila chuo ziko katika kumbukumbu iitwayo MSAR, inayotolewa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari, kwa ada ndogo ya mwaka. Usitazame wastani wa alama pekee. Tazama waombaji wangapi walitoka nje ya jimbo, wangapi kati yao waliitwa kwenye usaili, na wangapi walianza masomo. Chuo kilichopata maombi 4,000 kutoka nje kikaita watu 60 si chako, hata kama alama zako zinalingana na za wanafunzi wake. Na hao 60 huenda wengi wao walizaliwa katika jimbo hilo au wana familia humo. Kama unafikiria kuhamia jimbo lenye vyuo vingi, hama mapema. Majimbo mengi hutaka uwe umeishi humo miezi 12 kwa sababu nyingine isiyo masomo, na ukihama mwezi mmoja kabla ya kuomba utahesabiwa mgeni.

Baada ya jimbo, kagua umri wa masomo yako. Kabla ya kukupokea, vyuo vingi hutaka uwe umesoma mwaka mmoja wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, kemia ya kaboni, fizikia, yote pamoja na maabara, na siku hizi biokemia. Mtu aliyeyasoma zamani anadhani ameyamaliza. Kumbe baadhi ya vyuo havikubali masomo yaliyozidi miaka mitano, saba au kumi, na vingine havikubali yaliyosomwa mtandaoni au katika vyuo vya jamii vya miaka miwili. Andika jedwali: somo, mwaka ulipolisoma, chuo, alama; kisha kila chuo unachokifikiria kikaguliwe dhidi yake. Pasipoeleweka, iandikie ofisi ya udahili barua pepe fupi yenye swali moja na uhifadhi jibu.

Hapa kuna jambo linalowagusa sana wasomaji wenye shahada za nje. Mfumo wa maombi wa AMCAS, unaotumiwa na vyuo vingi vya MD, shahada ya kawaida ya udaktari, hauhakiki wala kuingiza katika hesabu ya wastani wa alama (GPA, ambao kilele chake ni 4.0) masomo yaliyosomwa nje ya Marekani na Kanada. Vyuo vingi hudai angalau saa 60 au 90 za masomo (credit hours, kipimo cha uzito wa somo) zilizosomwa katika nchi hizo mbili. Mhandisi mwenye shahada safi kutoka nje anaweza kujikuta na wastani unaotokana na masomo sita tu ya jioni, na chuo kikakataa kumsoma kabisa. Huyo ahesabu saa zake kwanza, kabla hata ya kujiandikisha kwa MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari. Aangalie pia hadhi yake ya uhamiaji: vyuo kadhaa hupokea raia na wakaazi wa kudumu tu, na mwenye viza ya mwanafunzi hapati mkopo wa serikali kuu.

Waliosoma Marekani miaka mingi iliyopita na kupata alama dhaifu wana tatizo lingine, la hesabu. Chukua mtu mwenye saa 120 kwa wastani wa 2.8. Anarudi darasani, anaongeza saa 40 kwa 3.9, kazi ya miaka miwili ya jasho. Wastani wake mpya ni 3.075. Kompyuta ya chuo inayochuja waombaji walio chini ya 3.2 haitajua kwamba mtu huyu amebadilika. Ripoti ya AMCAS huonyesha masomo ya baada ya shahada katika mstari wake, kwa hiyo vinavyomfaa ni vyuo vinavyosema wazi kwamba vinatilia uzito masomo ya karibuni. Kulirudia somo hakufuti alama ya zamani: AMCAS huhesabu zote mbili, na mfumo wa maombi wa vyuo vya DO (shahada ya pili ya udaktari nchini humo, ya osteopathia), uitwao AACOMAS, uliacha kufuta alama za zamani mwaka 2017. Texas ina sheria inayomruhusu mkaazi wake anayerudi chuo kikuu cha umma kuomba masomo yaliyozidi miaka 10 yasihesabiwe. Lakini yanaondoka yote, mazuri na mabaya, na masomo ya sayansi yaliyokuwa humo inabidi kuyasoma upya.

Ambaye hajasoma sayansi kabisa afikirie programu za mwaka mmoja au miwili za wanaobadili fani, kama za Bryn Mawr, Goucher au Columbia. Ni ghali. Thamani yake ni barua za walimu wa sayansi, ambazo mtu aliyemaliza chuo miaka 15 iliyopita hana pa kuzipata, na makubaliano ambayo programu hizo zinayo na baadhi ya vyuo vya udaktari: mwanafunzi anayefanya vizuri huingia moja kwa moja bila kupoteza mwaka mzima akisubiri majibu ya maombi. Kwa mtu wa miaka 38, mwaka mmoja ni kitu.

Mtihani wa MCAT una sehemu nne, kila moja ikipimwa kati ya 118 na 132, jumla 472 hadi 528. MSAR huonyesha alama ya katikati ya kila chuo na ile ambayo ni asilimia 10 tu ya waliokubaliwa wako chini yake. Ukiwa chini ya hiyo ya pili, kiache chuo hicho. Uzoefu wa kazi hauzibi pengo hilo. Alama nazo huisha muda: vyuo vingi hukubali za miaka mitatu, vingine miwili, na vinatofautiana kama miaka huhesabiwa hadi siku ya kuomba au hadi siku ya kuanza masomo. Mtu mwenye kazi na watoto akiufanya mtihani mapema mno ili “autoe njiani” anaweza kulazimika kuurudia.

Fedha sasa ndiyo inayobadilisha orodha kuliko zamani. Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2025, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopaji mpya hapati tena ule mkopo wa serikali uliofidia gharama yote. Anayesomea udaktari ana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na alichokopa kusomea shahada ya uzamili kinapunguzwa humo. Vyuo vingi vya binafsi, ukijumlisha ada, kodi ya nyumba na bima, vinapita dola 50,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kila chuo kwenye orodha kiwe na hesabu yake ya miaka minne na jibu la pengo litazibwaje. Pia uliza kama chuo kinataka taarifa za mapato ya wazazi kabla ya kutoa msaada wake, maana vipo vinavyozidai hata kwa mwombaji mwenye wajukuu. Vyuo visivyotoza ada, kama Grossman cha New York University (NYU) tangu 2018 na Albert Einstein tangu 2024, hufurikiwa na waombaji wenye alama za juu kabisa. Omba ukitaka, ila visihesabiwe kama tegemeo.

Usivipite vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada ya DO. Wahitimu wake wana leseni kamili katika majimbo yote 50, na tangu 2020 mafunzo ya ubingwa ya pande zote mbili, MD na DO, yako chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Vingi vina desturi ya kupokea watu wenye safari ndefu ya kazi, ingawa baadhi ya fani za upasuaji bado ni ngumu zaidi kuingia kwa mwenye DO. Anayekusudia kufanya kazi nchi nyingine baadaye aulize kwanza baraza la madaktari la huko kama linaitambua shahada hiyo. Na katika vyuo hivi hasa, swali la kuuliza kwa msisitizo ni hili: mwaka wa tatu na wa nne, wanafunzi hufundishwa wodini wapi? Vingi havina hospitali yake. Mwanafunzi anaweza kupelekwa mji ulio saa tano mbali, kwa kura, na mwenzi ana kazi na watoto wako shuleni. Uliza kama wenye familia hupewa kipaumbele, na kama jibu ni “inategemea”, liandike hivyohivyo kwenye jedwali lako.

Baada ya miaka minne ya chuo yako mafunzo ya ubingwa: mitatu kwa udaktari wa familia, mitano kwa upasuaji wa jumla, saba kwa upasuaji wa ubongo. Mtu wa miaka 33 asiye na sayansi, akitumia miwili kusoma masomo ya msingi na mmoja kusubiri majibu, anamaliza udaktari wa familia akiwa na 43. Kama hiyo ndiyo fani anayoitaka, vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya huduma ya msingi vinamfaa kuliko vile vya utafiti, na kile cha NYU kilichoko Long Island kinaimaliza shahada kwa miaka mitatu badala ya minne.

Orodha ya kawaida huwa na vyuo 15 hadi 20. Kila kimoja huongeza dola zaidi ya 40 kwenye AMCAS, kisha maombi ya pili yenye insha zake na ada yake, mara nyingi dola 75 hadi 150. Wenye kipato kidogo waombe mpango wa msaada wa ada wa AAMC kabla ya kutuma chochote, kwa sababu haurudishi kilichokwisha kulipwa. Mpango huo hulipia maombi ya hadi vyuo 20. Fomu hufunguliwa mapema Mei na kupokelewa kuanzia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Vyuo vingi husoma maombi kadiri yanavyoingia, na uhakiki wa alama unaweza kuchukua wiki sita, hivyo atakayetuma Septemba anagombea viti vilivyobaki. Kinachomchelewesha mtu mzima ni nakala rasmi za alama: zinatakiwa kutoka kila chuo cha Marekani alichowahi kujiandikisha, hata kama alisoma somo moja mwaka 2004. Ziombwe Mei.

Atakayepata nafasi zaidi ya moja anatakiwa abaki na chuo kimoja ifikapo tarehe 30 Aprili. Kabla ya siku hiyo aandikie ofisi ya fedha ya kila chuo, akiambatanisha barua ya msaada wa chuo kingine, aulize kama wanaweza kuongeza. Na aende na mwenzi wake kuuona mji, shule za watoto, na barabara ya kwenda hospitali ya mafunzo.

Wako,
Mshauri wa waombaji wa vyuo vya udaktari