Unanunua Huduma ya Setilaiti kwa Kazi ya Usalama? Ipime Kwanza Mahali Unapopalinda

Wauzaji wa huduma za setilaiti wanapokuja Nairobi, aghalabu huanza na picha ya uwanja wa ndege jangwani: hakuna wingu, na kila ndege inaonekana mpaka mabawa. Picha ni ya kweli. Lakini mnunuzi wa hapa analinda mpaka wa Mandera, mikoko ya Lamu au msitu wa Boni, na huko ndiko huduma inafaa kupimwa kabla ya mtu kutia sahihi.

Sisi tunakaa upande wa mnunuzi. Hatuuzi picha, wala hatupokei kamisheni ya muuzaji.

Jambo la kwanza tunalomuuliza mteja ni anataka kujua nini. Picha ya sentimita 30, yaani ambayo kila nukta yake ni sentimita 30 ardhini, kama za setilaiti za WorldView-3 au Pléiades Neo, hutofautisha lori na gari dogo, lakini haisomi namba ya gari wala haitambui uso wa mtu. Picha za kampuni ya Planet za mita 3 hupigwa karibu kila siku. Humo lori ni vidoa vichache tu, ila barabara mpya iliyochongwa porini utaiona. Za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, za mita 10, ni za bure kabisa. Kama unachotafuta ni makazi mapya au nyika iliyoungua, zitazame hizo kabla hujatoa shilingi.

Halafu uliza saa. Setilaiti nyingi za kamera hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwa hiyo msafara wa magendo unaotembea usiku utakuwa umeshafika. Masika nayo, Machi hadi Mei, mawingu yanaweza kufunika eneo lako wiki nzima. Hapo ndipo setilaiti ya rada inapohitajika, maana huona usiku na hupenya mawingu. Ila rada nayo ina mipaka: mabati na meli za chuma hung'aa, mashua ndogo ya mbao hupotea kwenye mawimbi, na rada nyingi za kibiashara hutumia mawimbi mafupi ya redio yanayoishia juu ya majani ya msitu mzito. Muuzaji akikuahidi kuona watu chini ya miti ya Boni, mwambie akuonyeshe.

Na kuonyesha kwenyewe kuwe jaribio lako. Egesha magari yako mahali unapopajua, tarehe unayoijua, usimwambie muuzaji idadi. Andika saa ulipotuma ombi, saa picha ilipopigwa, na saa taarifa ilipomfikia afisa wa zamu. Picha kali inayofika kesho kutwa haimsaidii kamanda aliye na doria njiani leo.

Kinachotukosesha usingizi zaidi ni tafsiri. Mchambuzi aliyeko mbali, asiyewahi kuona boma la wafugaji, anaweza kuona duara la miiba, moshi na njia za mifugo akaandika "kambi". Baharini ni vivyo hivyo. Sheria za kimataifa zinazitaka meli za tani 300 na zaidi zinazosafiri kati ya nchi na nchi zibebe kifaa cha utambulisho cha AIS. Mashua za wavuvi wetu hazimo. Mfumo unaohesabu kila chombo kimya, kisichotuma ishara ya AIS, kuwa cha kutiliwa shaka utamwekea afisa orodha ya wavuvi wasio na hatia. Kosa la namna hii linaweza kuua watu. Dai kila taarifa iseme mchambuzi ana uhakika kiasi gani na ameutoa wapi, kisha mpe mtu anayelijua eneo hilo aisome.

Mkataba usomwe na wakili pamoja na mtu wa operesheni. Machi 2025 Marekani iliisimamishia Ukraine kwa muda picha za kibiashara ilizokuwa ikipata kupitia mfumo wa serikali ya Marekani, zikiwemo za kampuni ya Maxar, wakati vita vinaendelea. Kwa hiyo uliza ni serikali gani inaweza kukufungia, na picha ulizokwisha kulipia zitabaki kwa nani. Uliza pia kama leseni inakuruhusu kumpa picha afisa wa idara nyingine, na nani kwa muuzaji anaona orodha ya maeneo unayoagiza. Orodha hiyo peke yake inaeleza unapopatazama.

Ukija kwetu, njoo na maeneo matatu unayoyajua vizuri, moja liwe la mawingu, na rasimu ya mkataba, hata kama muuzaji amesema haibadiliki.